Mashine Inasoma Herufi, Nasaba Inasomwa na Nani?

Septemba 2025, watafiti wa Taasisi ya Arc na Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walitangaza kwamba programu ya akili mnemba imetunga jenomu kamili za virusi, yaani maandishi yao yote ya urithi, yanayohesabiwa kwa herufi. Virusi vyenyewe haviambukizi binadamu. Ni vya ukoo wa phiX174, vinavyoshambulia bakteria, na jenomu ya phiX174 ndiyo jenomu ya kwanza ya DNA kusomwa yote, kazi iliyofanywa na Frederick Sanger na wenzake mwaka 1977. Kati ya miundo takriban 300 iliyotungwa na programu na kujaribiwa maabara, 16 iligeuka virusi hai vyenye uwezo wa kuua bakteria. Ni kazi nzuri, tena ya kustaajabisha. Kinachonisumbua ni hitimisho linalozidi kuvutwa kutoka kwenye habari za namna hii: kwamba mashine ikishajua kuandika jenomu, anayezisoma hana kazi tena, kwamba mtu aliyetumia miaka 30 kufuatilia kimelea kimoja cha ugonjwa amekuwa kama mpiga chapa siku kompyuta zilipoingia ofisini.

Hitimisho hilo limejengwa juu ya dhana potofu kuhusu kazi yenyewe. Kusoma herufi za jenomu hakujawahi kuwa kiini cha taaluma hii, hata zama zile kusoma herufi elfu moja kulipokuwa kunakula miezi. Kiini chake ni kulinganisha. Lugha yetu imelibeba jambo hili ndani ya neno lenyewe: kinasaba kimetokana na nasaba, na nasaba ya mtu huwezi kuijua kwa kumkodolea macho yeye peke yake. Unamweka pamoja na ndugu zake, wajomba zake, na wale waliokwisha kufa. Kimelea nacho ni hivyohivyo. Kulinganisha kunataka sampuli za zamani zilizotunzwa vizuri, na kunataka mtu aliyeishi na kimelea hicho muda wa kutosha hata akajua lipi ni la kawaida yake na lipi ni geni. Vitu hivyo viwili huzalishwa na utumishi wa muda mrefu tu, na ndivyo tunavyovibomoa wakati tukishangilia mashine.

Tuanze na saa. Kila kimelea kinapojinakili hukosea hapa na pale, na makosa hayo yanayorithiwa ndiyo alama tunazotumia kuchora mti wa ukoo wake. Lakini saa za vimelea hazipigi sawa. Virusi vya UVIKO-19, vyenye herufi karibu 30,000, vilikuwa vikikusanya mabadiliko ya takriban herufi mbili kila mwezi. Bakteria wa kifua kikuu ana herufi milioni 4.4, na hubadilisha kama herufi moja tu kwa miaka miwili. Sasa mpe mtafiti mkataba wa miaka mitatu. Kwa UVIKO-19 ataona historia nzima ikipita mbele yake, mawimbi yakipanda na kushuka, koo zikizaliwa na kufutika. Kwa kifua kikuu, katika tawi moja la ukoo, ataona herufi moja au mbili zikibadilika, kisha atafungasha vitabu vyake. Fedha za utafiti hutolewa kwa saa ya mfadhili, kimelea kinaishi kwa saa yake, na anayebanwa katikati ni mwanasayansi.

Ndiyo maana kazi za waliobobea hufundisha zaidi zikitazamwa kwa urefu wake. Chukua ya Stewart Cole, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris na baadaye kuiongoza. Mwaka 1998 kundi lake, pamoja na wenzao wa Uingereza, lilichapisha jenomu ya bakteria wa kifua kikuu. Miaka mitatu baadaye ikafuata ya bakteria wa ukoma, jamaa yake wa karibu. Ukiisoma ile ya pili peke yake unaona orodha ndefu ya herufi. Ukiiweka kando ya ile ya kwanza unakutana na gofu: zaidi ya vinasaba 1,100 vya bakteria wa ukoma vimekufa, vimebaki kama nyumba ambayo kuta zingali zimesimama lakini hakuna anayeishi ndani, na vinavyofanya kazi ni takriban 1,600 tu. Ghafla tabia za ugonjwa huu zilizowatesa madaktari tangu zamani zikaanza kueleweka: kwa nini bakteria huyu hajawahi kukubali kuoteshwa kwenye sahani ya maabara, na kwa nini anahitaji karibu wiki mbili kujigawa mara moja ilhali ndugu yake wa kifua kikuu hutumia kama siku moja. Amepoteza nyenzo za kujitegemea. Hilo halikuandikwa mahali popote katika jenomu yake. Liliandikwa katika tofauti kati ya jenomu mbili.

Kazi hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2005 kundi lake likaonyesha kwamba bakteria wa ukoma kutoka mabara mbalimbali wanafanana karibu herufi kwa herufi, na kwamba tofauti hizo chache zinatosha kufuata njia za safari za binadamu. Mwaka 2011 akashirikiana na wenzake kuonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa kusini mwa Marekani, ambao hawakuwahi kukanyaga nchi yenye ukoma, walikuwa na bakteria yuleyule anayeishi ndani ya armadilo, mnyama wa porini huko mwenye gamba gumu, anayefanana na kakakuona. Miaka miwili baadaye zikaja jenomu zilizotolewa kwenye mifupa ya wagonjwa wa Ulaya wa zama za kati. Na mwaka 2016, watafiti waliochunguza kuchakuro wekundu wa kisiwa cha Brownsea, Uingereza, walikuta ndani yao bakteria wa ukoma anayefanana sana na yule aliyepatikana kwenye mifupa ya mtu aliyezikwa Winchester zaidi ya miaka 700 iliyopita. Ukoma ulikuwa umetoweka miongoni mwa Waingereza kwa karne kadhaa. Kumbe bakteria alikuwa amejificha mitini. Tangu jenomu ya kwanza hadi kuchakuro hao ni miaka 18. Hakuna mradi wa miaka mitatu uliowahi kuomba fedha kwa ahadi ya kufika huko, kwa sababu mwanzoni hakuna aliyejua kwamba huko kupo.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na uhai na kifo. Februari 2021, Ebola ililipuka tena kusini mashariki mwa Guinea, miaka mitano baada ya janga kubwa la Afrika Magharibi lililoua zaidi ya watu 11,300. Kila mtu alidhani ni hadithi ileile: mnyama wa msituni amemwambukiza mtu, na mlolongo mpya umeanza. Watafiti wa Guinea, Alpha Keita na wenzake, pamoja na maabara washirika, wakasoma jenomu na kuzipanga kando ya zile za mwaka 2014 hadi 2016. Zilikaa kwenye tawi lilelile, na mabadiliko yake yalikuwa machache mno kuliko yanayotarajiwa kwa kirusi kilichokuwa kikizunguka kwa miaka mitano. Saa ilikuwa imesimama. Maelezo yaliyobaki yalikuwa mamoja tu: kirusi kilikuwa kimelala ndani ya mwili wa mtu aliyenusurika, muda ambao hakuna aliyekuwa ameudhania, kisha kikaamka.

Tafakari uzito wa tamko hilo. Linagusa maelfu ya manusura ambao tayari walikuwa wanatazamwa kwa jicho baya majumbani kwao. Likitamkwa vibaya, linawageuza watu walioponea chupuchupu kuwa washukiwa. Likifichwa, wahudumu wa afya wataendelea kuutafuta mlipuko ujao msituni peke yake. Kulitamka sawasawa kunahitaji mtu anayejua data, anayejua pia hali ya waliokusanyiwa data hiyo. Na msingi wake wote ulikuwa jenomu za mwaka 2014, nyingine zikiwa zimekusanywa na watu waliolipa kwa uhai wao. Waraka uliochapishwa mwaka huo na kutoa jenomu 99 kutoka kwa wagonjwa 78 wa Sierra Leone ulikuwa na waandishi watano waliokufa kwa Ebola kabla haujatoka, akiwemo daktari Sheik Humarr Khan. Bila kumbukumbu waliyoiacha, jenomu za 2021 zingekuwa herufi 19,000 zisizo na ndugu wa kulinganishwa nao.

Sasa nigeukie hoja za wanaoona tofauti, maana si zote zina uzito sawa. Iliyo nzito kuliko zote hutoka wodini. Inasema hivi: kipindupindu kinazuiwa kwa maji safi na vyoo, mtoto aliyepungukiwa maji anaokolewa kwa dripu, na hospitali isiyo na glavu haina haja ya kujua mgonjwa wake anatokana na tawi gani la mti wa ukoo. Siipuuzi hoja hii, na nusu yake naikubali bila kinyongo. Zimesomwa jenomu nyingi ambazo majibu yake yalifika miezi baada ya mlipuko kwisha, yakawafaa waandishi wa makala za kisayansi na hayakumfaa mgonjwa hata mmoja. Yeyote anayeitetea taaluma hii bila kulikiri hilo anaitetea vibaya.

Nusu nyingine ndiyo ninayoipinga, na nitaipinga kwa kipindupindu hichohicho. Kwa miaka mingi palikuwa na wazo lenye nguvu kwamba bakteria wa kipindupindu wamejikita kwenye maji ya Afrika, na kwamba hali ya hewa ikibadilika wanaibuka. Ukiamini hivyo, ugonjwa unakuwa kama mvua, na hakuna wa kuulizwa. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa bakteria 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika, waliokusanywa katika kipindi cha miaka 49. Ulionyesha kwamba tangu mwaka 1970 bakteria wa janga hili waliingizwa barani angalau mara 11, na kila mara walisambaa kwa kubebwa na watu. Huo ni ushahidi unaoitia nguvu hoja ya maji na vyoo kuliko hotuba yoyote: kinachoingia kwa mtu kinaweza kuzuiwa kwa mtu. Haiti nako, baada ya mlipuko wa Oktoba 2010 ambao hatimaye uliua karibu watu 10,000, ulinganisho uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta bakteria wa Haiti na baadhi ya wale wa Nepal, walikotoka wanajeshi wa kulinda amani, wakiwa karibu sawa. Umoja wa Mataifa ulikwepa lawama kwa miaka, mpaka Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipowaomba radhi Wahaiti. Jenomu haikumtibu mgonjwa hata mmoja kule. Ilichofanya ni kuwapa waliofiwa hoja isiyojibika.

Na kwenye kifua kikuu manufaa yamekwisha kufika wodini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mabadiliko ya vinasaba yanayoashiria usugu wa dawa, iliyojengwa kwa bakteria zaidi ya 38,000; toleo la 2023 likavuka 52,000. Kila mmoja wa bakteria hao ilibidi aoteshwe kwa wiki kadhaa, ajaribiwe kwa dawa, kisha jenomu yake isomwe na kuunganishwa na jibu la dawa. Hiyo ni kazi ya mikono ya watu wengi kwa miaka mingi, na leo inamwezesha mgonjwa kupata dawa sahihi bila kungoja wiki zile.

Hoja ya pili ni ya uchungu zaidi kuliko mantiki. Novemba 24, 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini, wakiwa pamoja na wenzao wa Botswana katika ugunduzi huo, waliiarifu dunia kuhusu aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, iliyokuja kuitwa Omicron. Ndani ya siku chache milango ya viwanja vya ndege ikafungwa kwa nchi za kusini mwa Afrika. Wapo waliosema tangu hapo kwamba mwerevu ni anayenyamaza. Hasira hiyo naielewa, na waliofunga milango walistahili kukemewa. Lakini kimya hakimlindi mtu wa nyumbani: kirusi kinachofichwa kinaambukiza kwanza walio karibu nacho. Dawa ya dhuluma ile ni sheria za kumlinda anayetoa taarifa mapema.

Inabaki hoja niliyoanza nayo, ya mashine, na hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayosikika zaidi. Udhaifu wake wa kwanza ni kusahau mashine ilifundishwa na nani. Programu ile ilijifunza kwa jenomu ambazo watu walizikusanya kwa miongo, na phiX174 ni miongoni mwa virusi vinavyojulikana vizuri kuliko vyote duniani. Pia jibu lilipatikana kwa urahisi: unaweka virusi juu ya bakteria kwenye sahani, na ukikuta doa tupu unajua vimeua. Hakuna sahani ya namna hiyo kwa swali la kwa nini tawi moja la kifua kikuu linaenea mjini na jingine linafifia. Hapo unahitaji kujua nani alihama, nani aliacha dawa njiani, na jela gani ilifurika.

Udhaifu wa pili unaonekana kwenye mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani. Kirusi cha mpox kiko kwenye kundi linalobadilika polepole, kwa hiyo jenomu za mlipuko wa 2022 zilipoonyesha mabadiliko mengi kupita kiasi, kulikuwa na jambo. Waliozoea kuangalia virusi waligundua kwamba mabadiliko hayo yana mwandiko: sehemu kubwa ni C iliyogeuka T (mbili kati ya herufi nne za DNA), tena palepale ilipotanguliwa na T nyingine. Huo ni mwandiko wa vimeng'enya vya mwili wa binadamu vinavyoshambulia DNA ya kirusi. Maana yake kirusi kilikuwa kimepita ndani ya miili ya watu kwa muda mrefu, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2023 ikafika angalau mwaka 2016, wakati dunia bado ilikuwa inasema ni ugonjwa wa wanyama unaowagusa watu kwa bahati mbaya. Programu inaweza kuhesabu C na T kwa kufumba na kufumbua, na ni vizuri ifanye hivyo, kijana asipoteze usiku kucha. Kuutambua mwandiko ni kazi ya mtu aliyekwisha kuuona mahali pengine.

Niliwahi kusimama nyuma ya mtafiti mmoja akifungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukungu mweupe ulimwagika mpaka miguuni. Akatoa kisanduku, akaokota kichupa kisichozidi urefu wa kidole, akafuta barafu kwa kidole gumba ndani ya glavu mpaka namba ikaonekana, wino umeshafifia. Akafungua daftari la zamani, akapita ukurasa kwa ukurasa, akapata siku, wodi na umri wa mgonjwa. "Huyu nilimchukua mwenyewe," aliniambia, "nikiwa mwanafunzi." Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uliofuata. Hakuna aliyekuwa amemwambia nani atalipia umeme wa friza ile, wala daftari lile litabaki kwa nani.

Hapo ndipo sera zetu zinapopwaya. Baada ya UVIKO-19 mashine za kusoma jenomu zilienea kwa kasi, na fedha nyingi zilikwenda kwenye mashine na vitendanishi vyake. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatangaza kusitisha utaratibu uliokuwa ukipitisha fedha za utafiti kwa washirika wa nje kupitia vyuo vya Marekani, na wengi wakatambua kwa mara ya kwanza kwamba mshahara wa mtunza kumbukumbu wao ulikuwa kipengele kidogo ndani ya ruzuku ya mtu mwingine. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani likapitisha mkataba wa majanga, na sehemu ya kugawana sampuli za vimelea na manufaa yake ikaachwa ijadiliwe zaidi. Humo kuna lengo la watengenezaji kutoa asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wakati wa janga, walau nusu yake ikiwa msaada. Ni vita halali, na anayetoa kirusi anastahili chanjo. Lakini mezani kuna sampuli upande mmoja na chanjo upande wa pili, na mtu anayejua sampuli ile ni nini amekaa nje ya chumba. Nchi inayodai manufaa ingedai pia nafasi za kudumu za kazi: mikataba ya miaka kumi isiyofungwa na mlipuko wa msimu, friza iliyo kwenye bajeti ya taifa, na kijana anayelipwa kukaa miaka miwili na mzee anayestaafu, wakipitia daftari pamoja kabla halijawa maandishi yasiyosomeka.

Swali litakalokuja hatulijui leo, na hilo ndilo linalofanya kazi hii iwe ngumu kuiombea fedha. Sampuli mbili kutoka Kinshasa, moja ya damu ya mwaka 1959 na nyingine ya tezi ya mwaka 1960, ndizo zilizowawezesha watafiti mwaka 2008 kukadiria kwamba VVU vilianza kuenea kwa binadamu mapema katika karne ya 20, miongo mingi kabla ya yeyote kuvishuku. Baadaye kundi jingine likapitia vipande zaidi ya 1,600 vya miili ya wagonjwa wa Afrika ya Kati, vilivyohifadhiwa ndani ya nta tangu miaka ya 1950 na 1960. Kimoja tu kilikuwa na VVU. Kilikuwa cha Kinshasa, cha mwaka 1966, na ndani yake ikatoka jenomu karibu nzima, iliyochapishwa mwaka 2020. Aliyekichovya kipande kile kwenye nta alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa. Ugonjwa wa UKIMWI ungepewa jina miaka 16 baadaye. Katikati hapo kimepita zaidi ya nusu karne ya rafu kujaa, majengo kuhamwa na wakubwa kubadilishwa, na kila mara kulikuwa na mtu aliyeulizwa kama vile visanduku vya zamani vitupwe, akasema viachwe.